Somo: Kutengeneza tanase kwa pumba za ngano, na chupa ambayo wengi huisahau

Tangu maembe yaanze kuiva hapa Tabora nimeulizwa jambo lile lile na watu tisa, wengi wao wanafunzi wa maabara: tanase hutengenezwaje kwa vifaa vichache? Naliandika jibu lote hapa, ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye somo hili.

Tanase ni kimeng'enya ambacho kuvu na baadhi ya bakteria hukitoa ili kuvunja tanini, kitu kile kile kinacholeta ukakasi mdomoni unapotafuna kiini cha kokwa ya embe. Hukata kiungo cha esta kinachoshikamanisha sukari na asidi galiki, na baada ya kazi yake hubaki glukosi na asidi galiki. Mfaransa van Tieghem aliliona jambo hili mwaka 1867, pale asidi galiki ilipojitokeza katika maji ya tanini yaliyoota ukungu.

Hatua ya 1. Pata Aspergillus niger au Aspergillus oryzae kutoka maabara inayoijua aina yake.

Hatua ya 2. Weka gramu 10 za pumba za ngano katika chupa ya mililita 250, tia maji mililita 8, ziba kwa pamba, kisha pika kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, dakika 20. Acha ipoe kabisa.

Hatua ya 3. Tia tanini. Kuvu huzalisha tanase kwa wingi inapoionja tanini, kwa hiyo hatua hii hairukwi. Andaa maji ya asidi taniki, ambayo ni tanini, ya asilimia 5, yapitishe kwenye chujio la mikromita 0.22, kisha tia mililita 4 katika pumba zilizopoa. Usiyapike pamoja na pumba. Mimi niliyapika. Joto lilivunja sehemu ya tanini na kuachia asidi galiki kabla kuvu haijapandwa, na nilipopima nikaona rangi ya waridi iliyokolea, ambayo ni dalili ya asidi galiki (tazama hatua ya 6), nikaandika kwenye daftari kwamba kimeng'enya kimepatikana. Nilifanya kazi juu ya matokeo hayo kwa wiki mbili, mpaka mwenzangu aliponiuliza chupa isiyopandwa iko wapi. Sikuwa nayo. Tuliiandaa siku hiyo hiyo, tukaipima, nayo ikatoa waridi karibu sawa na zile zilizopandwa. Kwa hiyo, kila mara andaa chupa moja yenye kila kitu isipokuwa kuvu, ikae pamoja na nyingine hadi mwisho. Tena, usiongeze tanini ukidhani utapata zaidi, kwa sababu tanini hushikamana na protini, na kimeng'enya chenyewe ni protini.

Hatua ya 4. Panda mililita 1 ya maji yenye mbegu za ukungu, koroga, weka kwenye nyuzi 30 kwa saa 72 hadi 96. Ukizikamua pumba kidoleni ziwe zimelowa bila kudondosha tone. Zikidondosha, bakteria watakutangulia na chupa itanuka. Mwezi wa Oktoba chumba chetu huvuka nyuzi 30 mchana, hivyo nazitandaza pumba ziwe tabaka jembamba, maana kuvu inayokua hutoa joto lake yenyewe.

Hatua ya 5. Tia mililita 100 za bafa ya sitreti yenye pH 5, yaani maji yanayoshikilia kiwango chake cha uchachu, tikisa saa moja, kamua kwa kitambaa safi, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha, na maji ya juu uyahifadhi kwenye nyuzi 4. Tumia kioo au plastiki.

Hatua ya 6. Pima kwa methili galeti, ambayo tanase huikata na kuachia asidi galiki, na rodanini. Rodanini hutoa waridi ikikutana na asidi galiki iliyo huru, si ile iliyofungwa kwenye tanini, na rangi husomwa kwenye nanomita 520 baada ya kutia potashi (hidroksidi ya potasiamu). Katika bomba la kulinganishia, kimeng'enya kitiwe mwisho, baada ya potashi, ili asidi galiki iliyokuwamo tangu mwanzo ihesabiwe na kutolewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji wa Sikonge: Nina magunia ya mtama mwekundu, kuku hawanenepi. Nitie kiasi gani cha tanase?

Mwandishi: Usitie. Tanini ya mtama ni ya aina nyingine, haina viungo vya esta ambavyo tanase huvikata. Koboa, au loweka kwa maji ya majivu na suuza vizuri. Na wekundu peke yake si ushahidi wa tanini, kwani tanini hukaa katika tabaka lililo chini ya ganda, na si kila mtama mwekundu unalo.

Kijana wa Nzega: Ukungu wa mkate mkavu hautoshi? Maabara ziko mbali.

Mwandishi: Hautoshi. Soma hatua ya 1. Miongoni mwa ukungu wa kuokota huwamo Aspergillus flavus, ambayo baadhi ya aina zake hutoa sumukuvu.

Kijana wa Nzega: Nitavaa barakoa.

Mwandishi: Barakoa haiondoi sumu iliyoingia kwenye maji utakayoyakamua. Sitalijibu tena.

Mwanafunzi, Tabora Mjini: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba viwanda vya chai hutumia tanase. Tanini ya chai inawasumbuaje?

Mwandishi: Marahaba, mwanangu. Acha kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kipoe kabisa, utaona imetibuka kama maji ya udongo. Kafeini hushikana na polifenoli zenye kipande cha asidi galiki, na muungano huo hauyeyuki kwenye baridi. Tanase hukikata kipande hicho, na chai hubaki angavu hata ikiwa baridi, jambo linalotakiwa sana katika chai ya unga ya kuyeyusha. Asidi galiki yenyewe pia ni mali: kutokana nayo hutengenezwa propili galeti inayozuia mafuta kuvunda, na ni malighafi ya trimethoprim, dawa ya kupambana na bakteria. Ukitaka kujaribu, njoo na majani ya chai, tutapima pamoja.

Mama wa Urambo: Juisi yangu ya mabibo ina ukakasi. Lazima nipate tanase?

Mwandishi: Si lazima, dada. Uji mwepesi wa wanga wa muhogo, uliopikwa ukapoa, hushikana na tanini na kuzama nayo. Koroga, acha itulie, chuja. Anza na juisi kidogo upate kipimo chako.

Mgeni wa Kasulu: Maji yangu ya viini vya kokwa za embe, niliyoyachemsha nipate tanini, yamegeuka meusi tii. Yameoza?

Mwandishi: Umeyachemsha kwenye sufuria gani?

Mgeni wa Kasulu: Ya chuma.

Mwandishi: Hayajaoza. Tanini na chuma hufanya wino, na wino huo utakuharibia vipimo vyote. Yamwage, viponde viini vingine kwa kinu cha mti, chemsha kwenye chungu au bika la kioo.