Mtumba wa Karume: chagua bila kupigwa

Fika soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, asubuhi mabelo (marobota ya mitumba) yanapofunguliwa. Gredi ya kwanza huondoka mapema na kwa bei ya juu. Jioni bei hushuka, ila unachagua kilichoachwa na wenzako. Beba noti ndogondogo na futi ya fundi cherehani, maana saizi ya kwenye lebo haiaminiki: nguo huenda ilisinyaa au ilipunguzwa. Suruali isiyo na pa kujaribia, funga kifungo, kunjua kiuno kikiwa bapa na ukizungushe shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kubana, kwa wengi inaenea.

Geuza nguo ndani nje, uielekeze kwenye mwanga. Kagua makwapa, kola na msamba. Zipu ivute mara tatu. Doa la njano la jasho kuukuu ni nadra kutoka. Kifungo kilichokatika si kasoro, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Viatu ndiyo mtego wenyewe. Soli ya povu la poliyurethani huharibiwa na unyevu hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, kwa hiyo raba inayong'aa inaweza kumeguka baada ya siku mbili. Bonyeza soli kwa ukucha, kisha kunja kiatu mbele. Ikitoa unga au mipasuko midogo, rudisha, gundi haisaidii. Iliyobanduka tu, soli ikiwa nzima, fundi ataishona.

Harufu ya belo: siki nyeupe kikombe kimoja kwenye maji lita 10, loweka nusu saa, fua, anika juani.