Kabla ya kuamini kijani cha picha ya setilaiti

Afisa ugani au kiongozi wa ushirika anayetaka kufuatilia mahindi ya wakulima wadogo, tuseme kule Masindi, Uganda, anaweza kutumia bila malipo picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zenye pikseli (miraba midogo inayounda picha) za mita 10 kwa 10, ambazo hupigwa mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi. Ekari moja hupata pikseli 40 hivi. Robo ekari hupata 10 tu, na nyingi kati ya hizo huchanganyika na njia, ua au shamba la jirani. Kwa hiyo chora mpaka wa shamba kwenye picha ukiingia ndani kidogo, kisha linganisha kijani cha shamba hilo na cha mashamba ya karibu yaliyopandwa wiki ileile, huku ukikumbuka kwamba magugu nayo ni kijani. Palipo na kahawa chini ya migomba, mimi singetegemea kipimo hicho cha kijani, kwa kuwa setilaiti huona zaidi majani ya juu. Kuanzia Machi hadi Mei mawingu huficha mengi. Hapo tumia rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu, au nenda shambani ukajionee.