Kuhesabu pumzi za mtoto aliyepandikizwa ini

Mtoto akisharudi Kigoma, mhesabu pumzi asubuhi na jioni, akiwa ametulia au amelala. Mfunue kifua, hesabu dakika nzima; nusu dakika hudanganya. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Linganisha pande mbili: wa kulia ukiinuka kidogo kuliko wa kushoto, huenda maji yamejaa kifuani, juu ya ini. Usingoje homa, dawa za kuzuia mwili kulikataa ini huificha. Mbavu zikibonyea au midomo ikiwa ya bluu, mkimbize hospitali ya Maweni hata usiku wa manane. Anatumia takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo? Mwambie daktari mapema, kabla hajaandikiwa erithromaisini, dawa ya kuua bakteria: huipandisha takrolimasi kwenye damu hadi ikaumiza figo.