Jinsi ya kufukua mechi ya zamani ya timu ya taifa iliyosafiri kwa meli, ukiwa Tanga na simu yako tu

Kwenye baraza letu la kahawa hapa Ngamiani kuna mzee mmoja ambae mpira wa zamani ukitajwa tu lazima ataleta ile ya Wanaijeria, kwamba zamani wakati wa mkoloni walipanda meli mpaka Uingereza wakacheza peku na wakaifunga timu ya taifa ya Uingereza tano mbili. Vijana wanacheka, mzee anakasirika, kashata zinaisha na ubishi haujaisha. Mi nilichoka na ule ubishi nikaamua kuzama mwenyewe, ikanichukua kama wiki tatu hivi za bando la usiku, na nilichojifunza nimeona nikiweke hapa maana wengi mnapenda hizi habari ila hamjui pa kuanzia.

Kabla hujagusa simu chukua karatasi uandike madai yote vile ulivyoyasikia, neno kwa neno, afu uyakate vipandevipande: nani alicheza, alicheza na nani, wapi, lini, wangapi kwa wangapi, walivaa nini. Kila kipande kichunguze peke yake. Watu wengi wanakosea hapa, wanakuta kipande kimoja sio kweli wanatupa stori nzima na kumuita mzee muongo, wakati mzee wa watu alikua na vipande vitano vya kweli na kimoja tu ndo kimeteleza huko njiani.

Kitu cha pili ni majina. Nchi zilibadilisha majina, kwahiyo ukiandika jina la leo unapata habari za leo. Unatafuta mechi ya Ghana kabla ya 1957? Andika Gold Coast. Sisi wenyewe usiandike Tanzania kama mechi ni ya kabla ya 1964, andika Tanganyika, na Zanzibar uitafute peke yake maana ilikua na timu yake na inaingia mashindanoni kivyake. Hili linaonekana dogo ila mi nilipoteza siku mbili nzima natafuta jina ambalo miaka hiyo halikuwepo.

Sasa kubwa kuliko yote, na nawaomba mlishike hili: fuata meli. Usianze kwa kufuata mpira. Sisi watu wa Tanga tumekua tunaangalia meli imetia nanga nje huko na matishari yanaenda na kurudi, tunajua meli haiendi tu kama basi la kwenda Korogwe, ina bandari zake inazopitia na siku zake. Timu ya taifa ya miaka ile ikienda ng'ambo ilikua mateka wa ratiba ya meli. Ukijua meli imeondoka lini, imefika lini na imepita wapi, mechi zinajipanga zenyewe.

Chukua hao hao Wanaijeria. Mwaka ni 1949. Wachezaji 18 waliondoka Lagos katikati ya Agosti kwa meli inaitwa Apapa, nahodha wa timu ni Etim Henshaw, na ndani yumo Teslim Balogun ambae baadae alirudi Uingereza akachezea Peterborough United na Queens Park Rangers. Meli ikafika Liverpool tarehe 29 Agosti. Tarehe 31, yani siku mbili tu miguu imeshuka kutoka baharini, wakaingia uwanjani huko Crosby pembeni ya Liverpool wakacheza na timu inaitwa Marine, wengi wao bila daluga, wamejifunga bandeji tu kwenye vifundo vya miguu. Wakashinda 5 kwa 2!

Umeona? Tano mbili ya mzee ni kweli kabisa. Peku kweli. Meli kweli. Uingereza kweli. Kilichoteleza ni kimoja, Marine sio timu ya taifa ya Uingereza, ni klabu ya ridhaa ya hapohapo Crosby, wachezaji wana kazi zao na mpira wanacheza baada ya kazi. Ziara nzima ilikua na mechi tisa na nyingi zilikua za namna hiyo, klabu za ridhaa na kombaini za ligi za ridhaa. Walishinda mbili, sare mbili, wakafungwa tano. Na usidharau, jamaa wametoka nchi ya joto wanacheza peku kwenye nyasi za kule zilizolowa mvua, hebu jaribu wewe kusimama pekupeku kwenye majani yameloa uone utapigaje shuti.

Kwahiyo hatua inayofuata ni kuuliza mpinzani ni nani hasa. Mechi ya ziara ina aina tatu na kwenye gazeti zote zinafanana: kuna mechi na klabu, kuna mechi na kombaini ya mji au ligi, na kuna mechi ya nchi kwa nchi. Hii ya tatu tu ndo inaingia kwenye vitabu kama mechi ya kimataifa. Gazeti la enzi hizo linaweza kuandika jina la nchi upande mmoja ukadhani na upande wa pili ni nchi, kumbe ni klabu ya mtaani. Soma mpaka chini, usiishie kichwa cha habari.

Sasa hapa ndo pananifurahisha mpaka leo. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya Naijeria ipo, na ni ya ziara hiyohiyo, ila haikuchezwa Uingereza! Ilichezwa Freetown, tarehe 8 Oktoba 1949, na Sierra Leone, Naijeria ikashinda 2 kwa 0. Kwanini Freetown? Ramani itakujibu. Freetown iko kwenye njia ya meli za kutoka Liverpool kushuka Lagos, meli zilikua zinapita pale, timu ikiwa njiani kurudi nyumbani ikashuka ikacheza. Watu wanakumbuka kuondoka kwa shangwe, wanakumbuka Uingereza, lakini mechi yenyewe ya historia imekaa kwenye bandari ya kupitia wakati wa kurudi. Ndo maana nasema fuata meli mpaka irudi ilipotoka, watu wengi wakifika Uingereza wanafunga daftari.

Tuje kwenye magazeti. Kama ndo unaanza usijifunzie kwenye mechi ngumu, anza na nchi ambazo magazeti yao ya zamani yamewekwa kwenye intaneti bure. Mi nilijifunzia New Zealand na Australia. New Zealand wana tovuti inaitwa Papers Past, Australia wana inaitwa Trove, zote bure, hakuna kulipia. Za Uingereza nyingi ni za kulipia, kwahiyo huko nenda mwishoni ukiwa unajua tarehe kamili unayoitaka.

Zoezi zuri ni mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya Australia, nayo ni ya ziara ya ng'ambo. Walivuka bahari kwenda New Zealand 1922, kikosi kimetoka New South Wales na Queensland, nahodha Alex Gibb. Tarehe 17 Juni 1922, uwanja wa Carisbrook mji wa Dunedin, mbele ya watu kama 10,000 hivi, New Zealand wakashinda 3 kwa 1, na goli la Australia, ambalo ndo goli lao la kwanza la kimataifa, akafunga William Maunder. Tarehe 24 wakatoka sare 1 kwa 1 Wellington, na 8 Julai wakapigwa tena 3 kwa 1 Auckland. Haya ninayo, ila nataka uyatafute mwenyewe mkono uzoee.

Ukiandika football peke yake utazama, maana kule enzi hizo neno hilo mara nyingi ni raga. Andika soccer au Association. Afu tarehe: mechi imechezwa tarehe 17, ukitafuta taarifa kamili kwenye magazeti ya asubuhi ya 17 huipati, na 18 pia huipati. Sababu 17 Juni 1922 ilikua Jumamosi na kesho yake Jumapili, kwahiyo yafungue ya Jumatatu tarehe 19. Kalenda ya simu yako inarudi nyuma mpaka huko, itumie. Na inakusaidia kitu kingine, kama mtu amekuandikia kwamba mechi ilikua Jumapili tarehe fulani na kalenda inasema Jumatano, basi ujue kuna kitu hakijakaa sawa, aidha siku aidha tarehe. Ile ya Marine mi niliihakiki hivohivo, 31 Agosti 1949 inaangukia Jumatano, na ya Freetown inaangukia Jumamosi.

Ukiipata habari piga picha ya skrini ukurasa mzima na sio aya tu, pawe na jina la gazeti na tarehe. Mi mwanzoni nilikua nakata kipande kidogo, baadae nina vipande arobaini kwenye simu sijui kipi cha gazeti gani, nikaanza upya. Na majina ya wachezaji yanakili kama yalivyoandikwa hata kama unaona yamekosewa, andika pembeni unachodhani ndo sahihi. Majina ya Waafrika kwenye magazeti ya wazungu yaliharibiwa sana, ukiyarekebisha kwa kukisia unaharibu mara ya pili.

Za kwetu ni ngumu zaidi ila zipo. Kombe la Gossage lilianza 1926 likiwa la Kenya na Uganda tu, Tanganyika tukaingia 1945 na Zanzibar baadae, na jina lile lilitokana na kampuni ya sabuni iliyotoa kombe. Tanganyika tulilibeba 1949, 1950 na 1951 mfululizo, yani mwaka uleule Wanaijeria wako Crosby sisi tulikua mabingwa huku. Kwa Kiswahili tafuta jarida la Mambo Leo lililoanza 1923, kwa kiingereza Tanganyika Standard kuanzia 1930. Dar nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, au maktaba ya Chuo Kikuu mlimani sehemu ya East Africana. Ukienda beba penseli, jieleze vizuri unatafuta nini na mwaka gani, usiende kusema tu nataka mpira wa zamani. Hapa Tanga pitia maktaba ya mkoa uulize walichonacho, na pale Urithi, kile kituo cha urithi wa Tanga, kwenye picha za zamani za mji.

Na wazee, jamani. Wazee sio wa kuwaendea mwishoni ukishamaliza kila kitu ili ukawasahihishe. Nenda mapema, shikamoo, kaa, nunua kahawa, mpe muda. Usimuulize mwaka, mwaka mtu anasahau. Muulize alikua anakaa wapi, alikua darasa la ngapi, kazi gani bandarini au kwenye mkonge, nani alimletea habari, walisikia redioni au kwa baharia. Mwaka utaupata wewe kutoka hapo. Na usikatize, hata akitoka kwenye mpira akaingia kwenye habari za treni ya Moshi muache, maana timu za huku zilikua zinasafiri kwa hiyohiyo treni na ukimya wako ndo utamtoa jina ambalo gazeti halina.

Mi nilirudi kwa mzee wetu na karatasi zangu. Sikumsahihisha mbele ya vijana, nilimfata asubuhi kwake nikamwambia babu, ile tano mbili yako nimeiona, ni kweli, timu iliyofungwa inaitwa Marine. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Kwa hiyo Freetown pia umeiona?" Yani alikua anaijua siku zote! Habari aliletewa na kaka yake aliekua baharia, ila kila akianza kuisimulia baraza wanamkatiza hapohapo Uingereza kwa kucheka, haijawahi kufika mwisho.

Sasa hivi niko kwenye Tanganyika ya 1949 na nimekwama kwenye majina ya wachezaji waliotoka Tanga. Wagosi wenzangu, kama nyumbani kuna picha ya timu imesimama mistari miwili, wengine peku, hata kama imeliwa na mchwa pembeni, usiifute vumbi kwa kitambaa cha maji na usiitoe kwenye fremu. Ipige picha mbele na nyuma, hasa nyuma maana ndo panakua na maandishi, afu muulize bibi au yeyote aliye mkubwa hapo ndani ni nani wa tatu kutoka kushoto, uandike anachojibu leoleo.