Kufundisha mgomo wa Barbara Johns kwa kipindi kimoja

Ukiwa na kipindi kimoja tu cha harakati za Wamarekani Weusi, usianze na Martin Luther King. Anza na msichana wa miaka 16. Kidato cha pili wangu humsikiliza King kwa adabu, lakini Barbara Johns wananiulizia hadi nje ya darasa.

Kabla hawajaingia, sogeza madawati ukutani. Chora sakafuni kwa chaki mstatili wa kutosha watu 18, kisha waite 45 waingie wote. Watabanana, watalalamika, kuna atakayekanyagwa. Wakiwa humohumo ndani ya chaki, waambie: shule ya Robert Russa Moton, mjini Farmville, Virginia, ilijengwa kwa wanafunzi 180. Mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450, wote Weusi. Waliozidi walisomea vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami. Aliyekaa karibu na jiko alitokwa jasho, aliyekaa mbali hakuvua koti, na mvua ikinyesha paa lilivuja.

Sasa simulia tarehe 23 Aprili 1951, na usiharakishe. Mkuu wa shule anaitwa kwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wamepata matatizo mjini. Akishaondoka tu, kila darasa linapata kikaratasi cha kuitwa ukumbini. Pazia linafunguka: jukwaani amesimama Barbara. Anawaomba walimu watoke, kisha anawahimiza wanafunzi wenzake wagome hadi wajengewe shule nzuri. Mgomo ulidumu wiki mbili.

Hapo weka swali. Wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, walikubali kuwatetea endapo tu wangedai kusoma pamoja na Wazungu, si kujengewa shule nzuri ya peke yao. Ninyi mngekubali? Nawapa dakika kumi nzima, na siwasaidii. Wapo wanaotaka shule nzuri tu, na hoja zao zina uzito.

Wenzao wa Farmville walikubali. Kesi yao ikawa moja kati ya tano zilizounganishwa katika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikaharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Tafadhali usiishie kwenye ushindi huo. Andika ubaoni: 1959 hadi 1964. Miaka hiyo yote kaunti yao, Prince Edward, ilifunga shule za umma ili watoto wasichanganywe. Kila mmoja apige hesabu ya nyumbani kwake. Mwaka jana binti mmoja alihesabu kwa vidole, akasema taratibu: “Mwalimu, mdogo wangu ana miaka saba. Angeanza darasa la kwanza akiwa na kumi na miwili.”