Epoksi Imekataa Kukauka: Tambua Kosa Kabla ya Kumwaga Tabaka Jingine

Epoksi, plastiki ya maji inayomwagwa juu ya meza ili igande, haikauki kama vanishi, ambayo thina yake hupaa hewani. Sehemu zake mbili, resini na hadena (kigumisho chake), hushikana kikemikali, na resini iliyokosa hadena yake itabaki laini hata ukiianika juani mwezi mzima. Kwa hiyo usimwage tabaka jipya juu ya lililo bichi, wala usipake hadena tupu ukitumaini itazama chini. Haizami.

Hatua ya 1: Ipe muda na joto

Epoksi nyingi za juu ya meza hushika ndani ya saa 24, huweza kutumika baada ya saa 72, na hufikia ugumu kamili karibu siku ya 7. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 20, kama Nairobi au Mbeya mwezi Julai, muda huo hurefuka. Pandisha joto hadi nyuzi 25 hivi kwa siku nzima kwa hita ya umeme. Jiko la mkaa halifai kabisa: gesi yake inaua, na hewa ya ukaa inayotoa huharibu uso wa epoksi.

Hatua ya 2: Gusa, kisha utaje ugonjwa

Vaa glovu za nitrili, bonyeza sehemu kadhaa, pembeni na katikati.

Uso ukiwa mgumu lakini unateleza kama umepakwa mafuta, epoksi yenyewe imeiva. Huo ni utando unaotokea hadena ikikutana na unyevu na hewa ya ukaa, jambo la kawaida Dar es Salaam na Mombasa msimu wa mvua. Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na pedi ya kusugulia sufuria, kausha, ndipo upige msasa namba 120. Ukianza na msasa utausambaza utando na kuuziba msasa wenyewe.

Madoa laini hapa na pale maana yake hukukoroga vya kutosha. Mara nyingi yapo pale ulipokwangulia kopo mwishoni.

Meza nzima ikibonyea kama mpira, shaka iende kwenye vipimo. Kosa kubwa hapa ni kuchanganya ujazo na uzito. Lita 1 ya resini huwa na kilo 1.1 au zaidi. Ya hadena huwa karibu kilo 1 au pungufu. Kopo likisema 1:1 kwa ujazo nawe ukapima 1:1 kwenye mizani, umezidisha hadena. Soma lebo: ujazo au uzito?

Ikibaki majimaji siku ya 3, huenda hadena si yake. Kile kichupa cha kikolezo kinachouzwa na resini ya fiberglasi, kinachowekwa asilimia 1 hadi 2, ni cha poliesta, resini ya aina nyingine. Hakigandishi epoksi.

Hatua ya 3: Ondoa kilicho bichi

Pasha moto kidogo kwa draya, kwangua kwa skrepa, futa kwa kitambaa chenye asetoni, madirisha wazi na pasiwe na moto karibu. Asetoni ikishapaa yote, piga msasa namba 80 na ufute vumbi. Usifute ngozi kwa asetoni. Huisaidia resini kupenya. Tumia sabuni na maji.

Madoa machache yakwangue peke yake, mpaka ufike kwenye epoksi ngumu, ndipo ujaze.

Hatua ya 4: Changanya upya

Meza ya sentimita 120 kwa 60, tabaka la milimita 3, inahitaji lita 2.16. Kwa uwiano wa 2:1 kwa ujazo, hiyo ni resini lita 1.44 na hadena lita 0.72. Koroga polepole dakika 3 hadi 5, ukikwangua kuta, sakafu ya kopo na kijiti chenyewe. Kisha hamishia kwenye kopo safi na ukoroge tena dakika 1 au 2; resini iliyonata ukutani mwa kopo la kwanza haitafika mezani. Ukiona michirizi, bado.

Rangi isizidi asilimia 5 ya uzito, na isiwe ya maji. Epoksi ya kumwaga kina kirefu nayo usiitandaze tabaka jembamba: huiva polepole, na tabaka jembamba halitunzi joto la kutosha.

Kama makopo yamekaa sana dukani, changanya gramu 30 kwanza kwa uwiano uleule, usubiri hadi kesho yake.