Unataka kufanya utafiti wa lishe kwa wagonjwa wa kansa? Anzia wodini

Wadogo zangu wanaomaliza digrii ya lishe wananiuliza sana hili swali, na wengi wanataka niwaambie waombe PhD ipi. PhD itakuja tu. Kwanza kaa wodini, hata miaka miwili mitatu, uwahudumie wagonjwa, maana swali zuri la utafiti linatokea pale. Langu lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa kwenye kemo, kila akiletewa chakula anasukuma sahani, anasema mdomo wote una ladha ya chuma, basi tukamtolea kijiko cha chuma tukampa cha plastiki na chakula tukakiacha kipoe kidogo, siku ile akala nusu sahani. Nusu sahani! Nikabaki najiuliza ni wangapi wanaandikiwa "hana hamu ya kula" halafu faili linafungwa.

Ukiwa hapo jifunze kupima, na hapa nakomalia kweli. Uzito peke yake unadanganya: mgonjwa akijaa maji tumboni au akivimba miguu mizani inapanda huku misuli inaisha, na mtu mnene anaweza kuwa na misuli kidogo sana usijue. Ndio maana watafiti wanatumia skani ya CT ambayo mgonjwa kashapigwa kwa ajili ya uvimbe wake, wanachukua picha ya pingili ya tatu ya kiuno wanapima eneo la misuli, hakuna mionzi ya ziada. Jifunze hiyo mapema, pamoja na PG-SGA, fomu ya kutathmini hali ya lishe ya mgonjwa, ambayo sehemu ya kwanza anajaza mgonjwa mwenyewe. Vigezo vya 2011 vya kakeksia, yaani kukonda na kuisha misuli kwa sababu ya ugonjwa, viwe kichwani: kupungua uzito zaidi ya 5% ndani ya miezi 6, au zaidi ya 2% kama BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) iko chini ya 20 au misuli imeshapungua. Na kakeksia sio njaa ya kawaida, ile inflamesheni, mwili kuwaka ndani kwa ndani, inayoletwa na kansa inamomonyoa misuli hata mtu akila, kwa hiyo andiko la utafiti linalosema tutawalisha tu wanenepe litarudishwa siku hiyohiyo.

Utafiti wangu wa kwanza nilichukua uzito kwenye mafaili. Miezi imepita ndio naona mgonjwa kaja mara tano na uzito ni uleule mpaka nukta, yaani mtu alikuwa ananakili tu, na sio faili moja. Data karibu yote tukaitupa, niliumia sana. Toka hapo napima mwenyewe, mizani ileile, bila viatu.

Swali lako liwe dogo. Angalia utafiti wa Paula Ravasco na wenzake huko Lisbon, Ureno, 2005: wagonjwa 111 wa kansa ya utumbo mpana waliokuwa wanapigwa mionzi, kundi moja likapewa ushauri wa lishe kwa chakula cha kawaida, lingine virutubishi vya kunywa, la tatu likala kama kawaida yake. Miezi 3 baadaye kundi la ushauri ndilo lililokuwa bado linakula vizuri. Swali moja, jibu unaliona, na linagusa kazi yetu moja kwa moja.

Masta na PhD, chagua msimamizi kuliko jina la chuo, muulize wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa hivi. Mtu wa takwimu mtafute kabla hujakusanya chochote, ukimpelekea data mwishoni hana cha kukusaidia. Na kama bado umeajiriwa hospitali omba siku moja kwa wiki ya utafiti iandikwe kwenye mkataba, ahadi ya mdomo inamezwa wodi ikijaa.

Kabla andiko halijaenda kamati ya maadili, wasomee wagonjwa wawili watatu. Mzee mmoja aliniambia mwanangu, hili dodoso la kurasa tisa unaniletea nikiwa na dripu mkononi, unataka nikujibu nini? Nikalipunguza likawa kurasa mbili, nikawa napiga simu siku ya nne baada ya kemo wakati kichefuchefu kimetulia, na hapo ndipo watu wakaanza kuniambia walichokula kweli.